Muyaka bin Haji: Mfumbaji wa Mvita na Wasakaji wa Mashairi Yake

Muyaka bin Mwinyi Haji al-Ghassaniy alizaliwa Mombasa mnamo mwaka wa 1776 hivi na akafariki katika mji huo huo mnamo 1840. Katika kipindi hicho cha miaka 64, Mombasa ilipigana na Lamu, ikamkaidi mtawala wa Omani, ikapandisha bendera ya Uingereza kisha ikaishusha, ikashambuliwa kwa merikebu mara kadhaa na hatimaye ikasalimu amri. Muyaka aliyashuhudia hayo yote akiwa mwandani wa watawala, na mengi kati yake aliyatungia mashairi. Ajabu ni kwamba msomaji anayeifungua diwani yake kwa matumaini ya kukutana na historia hiyo waziwazi huishia kukutana na fumbo. Yuko mtu anayeambiwa jambo, lakini ni nani? Kuna kisa kinachodokezwa, lakini ni kipi? Mara nyingi jawabu halimo ndani ya shairi lenyewe. Limo katika shairi jingine, la mtu mwingine, wa mji mwingine, na wapo watu waliotumia miaka mingi ya maisha yao kulisaka.

Mji aliozaliwa Muyaka ulikuwa mji wa watu wenye shingo ngumu. Tangu katikati ya karne ya 18 ulikuwa chini ya Mazrui, ukoo uliotumwa kutawala kwa niaba ya Omani, kisha ukakataa kuitambua nasaba ya Busaidi ilipotwaa madaraka huko. Maliwali wa Kimazrui walikaa Ngomeni, yaani katika Fort Jesus iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Hata hivyo, hawakutawala peke yao. Walitegemea ridhaa ya Miji Kumi na Miwili, makundi ya Waswahili yaliyogawika katika Tisa Taifa na Thalatha Taifa, pamoja na urafiki wa majirani zao Mijikenda. Katika mji wa namna hii, ambamo liwali hushawishi kwanza ndipo aamrishe, neno lina uzito wa baruti. Muyaka hakuwa liwali. Silaha yake ilikuwa ulimi.

Fumbo lenyewe lilikuwa lugha halali ya siasa katika zama hizo. Abdallah bin Ahmad aliposhika uliwali mnamo 1814, ilitarajiwa ampelekee Seyyid Said bin Sultan wa Omani zawadi ya kuonyesha utiifu. Masimulizi ya historia ya Mombasa yanaeleza kwamba alimpelekea vazi la chuma la kivita, baruti kidogo, risasi na kibaba cha kupimia nafaka. Mfumbuzi hakuhitaji msaada: anayetaka ushuru wa Mvita na aje aupiganie, na kiasi atakachopata bila vita hakizidi kibaba. Muyaka wakati huo alikuwa na umri wa miaka 38 hivi, na liwali huyu alikuwa miongoni mwa watu wa kizazi na mazingira yake. Watu walioweza kufumba kwa vyombo kiasi hicho hawangeshindwa kufumba kwa maneno.

Kabla ya Muyaka, utungo uliothaminiwa zaidi na kunakiliwa kwa bidii katika pwani ya kaskazini ulikuwa utenzi wa kidini. Utendi wa Tambuka uliandikwa mnamo 1728, nao Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate ulitungwa katika kipindi kinachopakana na ujana wa Muyaka. Tungo kama hizo zilinakiliwa kwa sababu kuzinakili kulikuwa ibada. Shairi la Muyaka lilikuwa jambo tofauti. Aliikuza bahari ya shairi la mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani 16 iliyogawika nane kwa nane, vina vikiwa katikati na mwishoni, na akaitumia kuzungumzia mapenzi, ndoa, ufukara, safari za baharini, husuda na vita. Wahakiki wengi humsifu kwa kulitoa shairi msikitini na kulifikisha sokoni. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini soko halina makabati ya kuhifadhia miswada, na hapo ndipo taabu ya wasakaji ilipoanzia.

Fumbo la kishairi lina sheria zake. Mtunzi hutupa swali hadharani, na anayelijibu hutakiwa kulijibu kwa bahari ile ile, na aghalabu kwa vina vile vile. Kwa hiyo vina hufanya kazi mbili. Kwanza ni pambo la sikio. Pili ni anwani: msikilizaji aliyelikumbuka swali hulitambua jibu pindi linapoanza, hata kama miezi imepita na chombo kimetoka Lamu hadi Mombasa. Shairi moja la namna hii likiachwa peke yake ni kama ufunguo usio na kufuli. Tungo nyingi zilizohifadhiwa za Muyaka ni za ubeti mmoja tu, na msomaji wa leo hudhani kwamba ubeti huo ndio shairi zima, ilhali uliposemwa mara ya kwanza huenda ulikuwa kauli moja katika malumbano marefu.

Malumbano makubwa kuliko yote yalihusu vita. Karibu mwaka wa 1813, Mazrui wa Mombasa wakishirikiana na watu wa Pate walipeleka jeshi kuishambulia Lamu. Jeshi lilishuka Shela. Watu wa Lamu, ambao hawakutarajiwa kufua dafu, waliwarudisha wavamizi hadi ufuoni. Inasimuliwa kwamba maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekwama mchangani, hivyo wengi waliuawa hapo hapo wakitafuta njia ya kukimbia. Vita hivyo, vinavyojulikana pia kama Vita vya Kuduhu, viligeuza historia ya pwani nzima. Lamu, ikihofia kisasi, iliomba hifadhi kwa Seyyid Said, naye akapata mlango wa kuingilia Afrika Mashariki uliokuwa umefungwa na Mombasa kwa miaka mingi.

Upande wa Lamu ulikuwa na mtu aliyekuwa kiongozi na mshairi kwa pamoja, Bwana Zahidi Mngumi. Baina ya watunzi wa Lamu na watunzi wa Mombasa, Muyaka akiwa mbele yao, mashairi yalivuka bahari kabla ya majeshi na yakaendelea kuvuka baada yake. Kulikuwa na vitisho, kejeli, ushauri wa uongo na majibu yake. Muyaka alikuwa msemaji wa upande ulioshindwa, na jambo hili halitiliwi mkazo wa kutosha anapofundishwa. Mshairi aliyeshinda huweza kusema waziwazi. Aliyeshindwa, ambaye bado ana liwali wa kumtia moyo na jirani wa kumtisha, hulazimika kusema kwa namna ambayo kila upande utasikia unachopaswa kusikia. Bila shaka Muyaka alikuwa na kipaji cha kufumba tangu ujanani, lakini Shela ilimpa sababu ya kukitumia kwa dhati.

Miaka iliyofuata haikuipa Mombasa nafasi ya kupumua. Mnamo 1823 iliipoteza Pemba, kisiwa kilichokuwa ghala lake la chakula. Mnamo Februari 1824 Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliitangaza kuwa chini ya ulinzi wa nchi yake, ulinzi ambao serikali ya London haikuuridhia na ulioondolewa mwaka wa 1826. Seyyid Said mwenyewe alifika na merikebu zake mnamo 1828, akafanya suluhu na liwali Salim bin Ahmad, akaweka askari wake Ngomeni na baadaye askari hao wakafukuzwa. Alirudi tena karibu na mwisho wa 1829, akarudi tena mwaka wa 1833, na mara zote mbili Mombasa haikuanguka. Iliyoiangusha ni Mombasa yenyewe. Baada ya kifo cha Salim mnamo 1835, wakuu wa mji walifarakana, baadhi ya wazee wa Thalatha Taifa wakaegemea upande wa Seyyid Said, na mnamo 1837 Ngome ikachukuliwa bila vita vya maana. Liwali Rashid bin Salim pamoja na jamaa zake walikamatwa kwa hila na kusafirishwa, wengi wao wakifia Bandar Abbas. Waliosalia walihamia Takaungu na Gasi. Muyaka alikuwa na umri wa miaka 61 hivi. Marafiki aliowatungia walikuwa wamekufa au kutawanyika, na wageni waliokuwa wakidhihakiwa katika mashairi yake ndio waliokuwa sasa Ngomeni. Aliishi miaka mitatu zaidi.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mnamo 1844, miaka minne tu baada ya Muyaka kufariki, na ndiye aliyefungua zama za kuandika Kimvita kwa herufi za Kirumi. Miaka hiyo minne ni michache lakini ilitosha. Muyaka hakuonwa na yeyote aliyekuwa na desturi ya kuandika habari za washairi wa sokoni, na wasomi wa mji hawakuona haja ya kuzinakili beti za kejeli na mahaba kama walivyonakili tenzi. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu. Yalibaki kama vitu vingine vinavyobaki vinywani: ubeti mzuri ulidumu, ubeti uliouzunguka ukasahauliwa, na jina la aliyejibiwa likapotea kabla ya jibu lenyewe.

Mwaka wa 1880 aliwasili Mombasa mmisionari mwingine, William Ernest Taylor, aliyezaliwa mwaka wa 1856. Taylor alikuwa na sikio la kipekee kwa lugha, na kitabu chake cha methali za Waswahili, kilichotoka mwaka wa 1891, kingali hazina. Lakini kwa habari ya Muyaka, Taylor alikuwa mwanafunzi. Mwalimu wake alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni aliyeijua lugha ya washairi wa kale na aliyejua pia ni wazee gani wa kuulizwa. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Muyaka alipofariki alikuwa na miaka 60 Taylor alipowasili. Muda ulikuwa ukiyoyoma. Beti zilikusanywa kutoka kwa waliozihifadhi vichwani, zikaandikwa kwa hati ya Kiarabu na kwa herufi za Kirumi, na pamoja nazo yakaandikwa maelezo: neno hili lina maana gani, kisa hiki kilimhusu nani. Mgala muue na haki yake mpe. Diwani hutajwa kwa majina ya Wazungu walioihifadhi na kuihariri, lakini mtu aliyejua mlango wa kubisha alikuwa Sikujua.

Ugumu wa kazi yao unafahamika zaidi mtu akitazama hati yenyewe. Kwa desturi ya kale, Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu, irabu tano zilibebwa na alama tatu tu, hivyo e na i zilifanana, na o na u zilifanana. Herufi ba ilitumika kwa b, p na mb. Herufi shini ilitumika kwa sh na ch. Matokeo yake ni kwamba chombo kinachopasua mawimbi na shombo ya samaki yaliandikwa kwa namna moja. Kwa mshairi wa bandarini anayelinganisha dola na chombo, tofauti hiyo si ndogo! Mnakili asiyekijua kisa angeweza kugeuza tahadhari ya kisiasa kuwa malalamiko ya harufu.

Ufumbuzi ulitafutwa katika sanaa yenyewe. Iwapo neno la mwisho la mshororo wa kwanza lingeweza kusomeka kwa kuishia na li au le, msomaji alishuka hadi mshororo wa pili na wa tatu akitafuta neno moja ambalo halina utata, na hilo moja liliamua yote. Iwapo mshororo ulikuwa na mizani 15, palikuwa na silabi iliyodondoka, aghalabu m ya mwanzo ambayo waandishi wa kale waliiacha mara nyingi. Kila neno lililothibitishwa lilisaidia kuthibitisha jirani yake. Lakini vina na mizani vina mipaka. Vinaweza kukuambia kwamba neno ni chombo. Haviwezi kukuambia chombo hicho ni cha nani.

Lahaja nayo iliongeza fundo lake. Kimvita husema mato kwa macho, na ndoo kwa njoo. Husema teka kwa cheka, nayo t hiyo hutamkwa ulimi ukigusa meno, tofauti na t ya kuteka maji. Sikio la Mmvita halikosei hapo, lakini herufi za Kirumi za kawaida hazina njia ya kuonyesha tofauti hiyo. Taylor alibuni alama za kuzitenga sauti hizo, na alama zake, ambazo wachapishaji wengi waliziona usumbufu, ndizo zinazomzuia msomaji wa bara asidhani kwamba mtu anayecheka yuko kisimani.

Taylor alifariki mwaka wa 1927, na miswada yake imehifadhiwa London katika maktaba ya Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika. William Hichens, aliyewahi kufanya kazi Afrika Mashariki na aliyekuwa na mawasiliano na wasomi wa Mombasa kama Mbarak Ali Hinawy, aliihariri na kuitoa kama Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy mnamo 1940. Ilichapishwa Johannesburg na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, katika mfululizo ulioanza na mashairi ya Kizulu ya Vilakazi. Yaani mshairi wa Mvita alingoja miaka 100 kamili baada ya kifo chake ili apate kitabu, na kitabu hicho kikatoka katika mji ambao yamkini hakuwa na ndoto nao, kwani haukuwepo alipokuwa hai. Mwaka wa 1979, Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha uchunguzi wake mpana, akiyapanga mashairi kwa maudhui na kuyaweka katika muktadha wa siasa na maisha ya Mombasa. Tangu hapo Muyaka ana makao ya kudumu katika silabasi.

Hata hivyo, makao hayo yana gharama. Mwanafunzi hukabidhiwa ubeti pamoja na maelezo ya tukio lake, na maelezo hayo huyachukua kama sehemu ya ubeti. Huo ni ufumbuzi wa watu waliokumbuka baada ya miaka 40 au zaidi, na kukumbuka kwa mji uliokuwa umebadilisha watawala hakukosi upande. Kinyume chake pia ni hatari. Shairi maarufu linalohusishwa naye kuhusu kimya, linaloonya kwamba anyamazaye aogopwe, huchapishwa katika vitabu vya shule kama nasaha kwa vijana wapigao domo. Katika kinywa cha mtu aliyeishi chini ya Ngome huku meli za vita zikija na kurudi, onyo kama hilo lina makali ambayo hayaonekani tena likisimama peke yake. Lilikuwa na masikio yaliyokusudiwa. Kwa kukosa mwenzake, limekuwa la kila mtu.

Ndiyo maana kitabu kingine kilichotoka mwaka wa 1995 kina thamani inayozidi umaarufu wake miongoni mwa wanafunzi. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyahariri mashairi waliyorushiana watu wa Lamu na Mombasa wakati wa vita vya Shela, wakayatoa kwa jina la Mashairi ya Vita vya Kuduhu. Humo Muyaka haonekani kama mwenye diwani. Anaonekana kama mmoja wa walumbi, anayesema na kusemwa, anayechokoza na kuchokozwa. Kauli ambazo zikisomwa pekee huonekana za majivuno ya jumla hudhihirika kuwa na mtu zinayemlenga, na kejeli za Lamu huonyesha ni neno gani hasa la Mombasa lililochoma. Sura ya Muyaka nayo hubadilika. Msomaji wa diwani humwona bingwa asiyejibiwa. Msomaji wa malumbano humwona mtu aliyekuwa na mpinzani wa kiwango chake, aliyejua kwamba kila alichokifumba kingefumbuliwa mbele ya umma wa Lamu na kurudishwa kwake kwa vina vyake mwenyewe.

Diwani ilitoka Johannesburg, uchunguzi wa Abdulaziz ukatoka Nairobi, mashairi ya Kuduhu yakatoka Michigan huko Marekani, na miswada iko London. Anayetaka kumsoma Muyaka akiwa anazungumza sharti avifungue vitabu hivyo vitatu mezani kwa pamoja, kidole kimoja kikiwa kwenye ubeti wa Mvita na kingine kikitafuta kina kile kile upande wa Lamu.